Kukausha na kutunza pedi za sponji za polishi baada ya kuziosha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu mmoja wa masika, nikiwa bado mgeni wa kazi hii, niliosha pedi sita Jumamosi jioni, nikazikamua kwa mikono, nikazitia zote kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo na kwenda nyumbani. Jumatano nilipofungua mfuko nilipokewa na harufu ya tambara la deki. Nikazianika juani kidogo, nikaona zimekauka, nikapachika moja kwenye mashine. Nilikuwa nusu ya mlango wa gari jeusi la mteja pale sponji ilipoachana na mgongo wake. Ikaruka, na mashine ikashuka na sahani yake tupu juu ya rangi. Mlango ule niliulipia mwenyewe kwa fundi rangi.

Maswali haya naulizwa kila wiki na vijana wa kuosha magari, mafundi rangi, na watu wanaopiga polishi magari yao wenyewe nyumbani. Ninayoyasema yanatokana na Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu wa pwani. Penye tofauti kwa walio bara nitataja.

Pedi si sponji tu? Kwa nini isikauke yenyewe kama sponji ya kuoshea vyombo?

Sponji ya vyombo haina mgongo. Pedi ya polishi ina tabaka tatu: sponji ya poliuretani, gundi, na kitambaa cha velkro. Maji huingia na kutoka kirahisi upande wa uso, lakini upande wa mgongo yanakutana na gundi, ambayo kwao ni ukuta. Hapo ndipo yanapotuama. Unaweza kushika uso wa pedi ukausikia mkavu kabisa, kumbe milimita chache kutoka kwenye gundi bado kuna maji ya tangu jana.

Maji hayo hulainisha gundi, na siku mashine ikipata moto, velkro inabanduka kuanzia ukingoni. Yanazalisha ukungu. Na hata kama hayajaharibu chochote, yanaharibu kazi yenyewe: sponji iliyolowa inakuwa laini kupita kawaida, inazimua polishi, haikati mikwaruzo inavyotakiwa, na inarusha matone hadi kwenye vioo na mipira ya milango.

Kuna na jambo la ndani zaidi, na ndilo lililonifanya nibadili utaratibu wangu wote. Poliuretani zipo za aina mbili kuu. Ile inayotengenezwa kwa poliesta huvunjwavunjwa na maji polepole, na joto likiungana na unyevu uharibifu unakwenda mbio. Ile ya polietha inavumilia maji vizuri zaidi, ila mwanga wa jua na hewa huidhoofisha. Paketi ya pedi haikuambii umenunua ipi. Kwa hiyo chukulia kwamba pedi yako inaogopa vyote viwili: isikae na maji, na isikaushwe juani. Karibu kila jibu lililobaki hapa linatoka kwenye sentensi hiyo.

Niikamue vipi bila kuiumiza?

Usiisokote kama unavyosokota nguo. Ukisokota, sponji inakwenda huku na velkro inakwenda kule, na gundi katikati ndiyo inayoumia. Weka pedi katikati ya viganja viwili, uso ukitazama chini, ukandamize taratibu na kuachia, mara kumi au kumi na tano, huku ukiizungusha kidogo kila mara. Ukiona maji yanayotoka bado yana weupe wa kompaundi (ile polishi nzito ya kukata mikwaruzo), hujamaliza kuosha. Rudi kwenye beseni. Kompaundi ikikaukia ndani inakuwa ganda gumu, na ndani ya ganda hilo mna chembe za kusagia, mara nyingi za oksidi ya alumini. Siku utakayoipachika tena utakuwa unasugua rangi ya gari kwa kitu kama msasa.

Baada ya kukamua, ifunge kwenye taulo safi ya mikrofaiba na uikandamize tena. Taulo itatoa maji ambayo mikono haiwezi. Watu wengi wanairuka hatua hii kwa sababu inaonekana ndogo, lakini kwangu inapunguza muda wa kukauka kwa saa kadhaa.

Nimeona watu wanazungusha pedi kwa mashine ndani ya ndoo. Ni salama?

Ni njia bora kuliko zote za kutoa maji, ukiifanya kwa adabu. Chukua ndoo kavu ya lita 20, pachika pedi iliyokwisha kukamuliwa, ishushe hadi ndani kabisa ya ndoo, ndipo uwashe mashine kwa kasi ndogo kuliko zote. Sekunde tano hadi kumi zinatosha. Zima, subiri isimame kabisa, ndipo uitoe. Utasikia maji yanavyopiga kuta za ndoo kama mvua juu ya bati.

Mashine iwe juu, pedi iwe chini, wakati wote. Ukiigeuza, maji yanateremka kuelekea kwenye mota. Mikono iwe mikavu, waya na soketi viwe mbali na sakafu iliyolowa, na ukimaliza chomoa kwanza ndipo ubandue pedi. Umeme na maji havina mzaha, na kwenye sehemu nyingi za kuosha magari waya unapita juu ya sakafu inayotiririka maji.

Kasi kubwa haina faida hapa. Pedi iliyojaa maji ni nzito, na uzito huo ukizungushwa kwa nguvu unavuta gundi kuelekea nje.

Kwa nini nisianike juani? Jua la hapa linakausha kwa saa moja.

Linakausha uso kwa saa moja. Chini kunabaki maji, kisha uso uliokauka unaanza kuwa mgumu na kupoteza mnepo wake. Ukirudia hivyo kwa miezi kadhaa utaona rangi ya sponji inapauka, halafu ukiisugua kwa kidole inatoa unga. Unga huo ni sponji yenyewe inayovunjika.

Mahali pabaya zaidi ni juu ya bonneti la gari lililosimama juani, au juu ya bati la banda. Nimeona vijana wakipanga pedi juu ya bati saa saba mchana kama wanaanika mihogo. Chuma kile kinaunguza mkono, na pedi iliyolazwa kwa mgongo wake inaipikia gundi yake pale pale.

Kivulini penye upepo ndipo mahali pake. Chini ya mwembe, barazani, au chumbani karibu na dirisha lililo wazi. Giza likiingia usiache pedi nje, maana umande utazirudishia maji uliyoyatoa.

Uso uangalie juu au chini?

Uso chini, velkro juu, kwa saa mbili au tatu za mwanzo. Maji huteremka, na sisi tunataka yateremke kuikimbia gundi. Ila usiilaze juu ya meza au sakafu, maana uso utakuwa umezibwa na maji hayatapata pa kutokea. Inahitaji kitu chenye matundu. Mimi natumia kreti ya soda iliyopinduliwa. Kichanja cha vyombo kinafaa sana, wavu wa kuku uliokazwa kwenye fremu ya mbao unafaa, hata chujio kubwa la plastiki linafaa kama una pedi mbili tu.

Maji yakisha kuacha kudondoka, zisimamishe kwa ubavu kama sahani kichanjani, nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine, ili upepo upite uso na mgongo. Pedi zenye tundu katikati unaweza kuzitunga kwenye mpini wa fagio uliolazwa juu ya viti viwili. Usizibane kwa vibanio vya nguo. Kibanio kinaacha alama kwenye sponji iliyolowa, na sehemu hiyo haitagusa rangi sawa na nyingine.

Inachukua muda gani?

Inategemea unene, ulikamuaje, na hewa ya kwenu. Kwangu Dar es Salaam, pedi nyembamba ya kumalizia, yaani ya kung'arisha mwishoni, iliyozungushwa kwenye ndoo na kuwekewa feni, huwa tayari asubuhi. Pedi nene ya kukatia, yaani ya kuondoa mikwaruzo, yenye milimita 25 hivi, naipa saa 24 hadi 36. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, bila feni hesabu siku mbili hadi tatu, na usibishane nayo.

Dodoma wakati wa kiangazi hewa ni kavu na pedi hukauka kwa muda mfupi zaidi, lakini vumbi lenu ni adui mwingine. Pedi iliyolowa inakamata kila chembe inayopita. Funika kichanja kwa shuka nyepesi isiyogusa pedi, au zikaushie ndani. Nairobi na nyanda za juu, kati ya Juni na Agosti, baridi inachelewesha kila kitu, kwa hiyo feni ina kazi kubwa huko kuliko mnavyodhani. Feni haihitaji kupuliza hewa ya moto, kazi yake ni kuiondoa hewa iliyokwisha kujaa unyevu kandokando ya pedi.

Nitajuaje kwamba imekauka hadi ndani?

Njia ya kwanza ni karatasi ya chooni. Chukua kipande, kizungushe kwenye ubavu wa pedi pale sponji inapokutana na velkro, kisha bana kwa nguvu kwa vidole kwa kuhesabu hadi kumi. Karatasi ikitoka na baka, hata dogo, pedi bado.

Njia ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi: mizani ndogo ya jikoni, ile ya kidijitali. Ukinunua pedi mpya, ipime kabla hujaitia polishi, uandike gramu zake mahali. Nina pedi moja ya kumalizia iliyokuwa gramu 31 ilipokuwa mpya. Siku niliyoanza kupima, baada ya kuizungusha kwenye ndoo ilikuwa gramu 52. Asubuhi yake niliishika, uso mkavu, ubavu mkavu, ningeapa imekauka. Mizani ikasema 37. Gramu sita za maji ni zaidi ya kijiko cha chai, na kijiko hicho kizima kilikuwa kimejificha juu ya gundi. Tangu siku hiyo sihukumu pedi kwa kuigusa uso.

Baada ya kazi nyingi pedi huongezeka gramu moja au mbili kwa mabaki ya polishi ambayo hayatoki tena. Hilo ni la kawaida.

Nimefuata yote haya na bado pedi zangu zinakuwa na unyevunyevu kila asubuhi. Tatizo nini?

Unaoshea maji gani? Swali hili huulizwa na watu wa pwani peke yao, na mara nyingi jibu ni maji ya kisima yenye chumvi. Maeneo mengi ya Dar es Salaam watu wanatumia visima, na maji yake ukiyaonja utaijua chumvi.

Maji yale yanapokauka chumvi inabaki ndani ya vitundu vya sponji. Chumvi ya kawaida ikikutana na hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 75 hivi huvuta maji kutoka hewani hadi inalowa yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya jikoni huganda koponi wakati wa mvua. Usiku wa pwani unyevu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Basi unaikausha pedi mchana, na usiku chumvi iliyomo ndani yake inaivutia maji upya. Utaanika wiki nzima.

Dawa yake ni rahisi. Osha kwa maji ya kisima kama huna mengine, lakini suuza mara ya mwisho, tena mara mbili, kwa maji baridi yasiyo na chumvi: ya bomba, au ya mvua uliyokinga kwenye ndoo safi. Lita mbili zinatosha pedi nne. Hata sabuni isiyosuuzwa vizuri inashika unyevu kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo kamua na kusuuza hadi maji yasitoe povu kabisa.

Nilimwelekeza hivi kijana mmoja wa Kigamboni aliyekuwa amekata tamaa na pedi zake. Hakubadilisha kitu kingine chochote, na pedi zake sasa zinakauka.

Naweza kutumia draya ya nywele, oveni, au mashine ya kufulia?

Draya ya nywele, ndiyo, kwa hewa ya baridi tu. Oveni, jiko la mkaa, pasi: hapana. Gundi inalainika kwa joto, na hata ikishika tena ikipoa haitashika kama mwanzo.

Mashine ya kufulia inaweza kuosha pedi kwa maji ya baridi au vuguvugu, mzunguko wa taratibu, ukizitia kwenye mfuko wa wavu. Usitie kilainisha nguo, maana kinaacha utando kwenye sponji. Mzunguko wa kukamua uwe wa chini. Mashine ya kukaushia nguo kwa joto iache kabisa.

Kompresa? Inafaa kupuliza mabaki ya polishi kati ya paneli na paneli ukiwa kazini. Kwa kukausha, iangalie kwanza: nyingi zinatema maji na mafuta pamoja na hewa. Puliza kwenye karatasi nyeupe. Ikichafuka, usipulizie pedi.

Pedi inanuka au ina madoadoa meusi. Inaokoleka?

Harufu peke yake, bila madoa, mara nyingi inaokoleka. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe vinne, loweka kwa nusu saa, kandamiza mara kadhaa, suuza sana, kausha hadi ipite kipimo cha karatasi.

Madoa meusi yaliyozama ndani siyahangaikii tena. Ukungu ukisha kuingia kwenye vitundu hutoi wote, na kila ukiipachika pedi unautupia hewani unayoivuta.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiitumie. Inashambulia sponji na gundi vyote viwili. Na kamwe usiichanganye na siki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu, hasa ukiwa kwenye chumba kidogo.

Zikishakauka nizihifadhi kwenye nini? Mfuko wa zipu au kitu kinachopitisha hewa?

Wataalamu wa nchi za baridi wanasema mfuko wa zipu. Kwa pwani yetu ninaongeza hatua moja. Pedi ikishapita kipimo, iweke kwanza kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, mwepesi, uliofuliwa, siku mbili. Kama kuna unyevu uliokudanganya utatoka. Kisha ndipo uihamishie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana au mfuko wa zipu, kuizuia na vumbi.

Kufungia pedi yenye shaka ndani ya plastiki ndilo kosa nililolifanya mimi. Kama huna uhakika, iache kwenye kitambaa. Vumbi kidogo juu ya kitambaa linakung'utika, gundi iliyooza hairudi.

Ndani ya kontena tia vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikusanye, ni vya bure. Ila kumbuka hushiba. Zipo zenye punje za rangi zinazobadilika zikishiba: za rangi ya chungwa huwa kijani, za bluu huwa waridi. Usifungue vipakiti na kumwaga punje juu ya pedi, maana ni ngumu na zitakwaruza rangi. Kuhusu mchele mkavu ambao watu wanautia: unavuta unyevu kidogo sana, unaacha vumbi la wanga, na unaita wadudu. Uacheni jikoni.

Nipangeje pedi? Naweza kuzipandanisha?

Kwa pedi mbili au tatu, ndiyo, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo, bila kitu kizito juu. Sponji iliyobanwa miezi inashika umbo hilo, na pedi yenye bonde upande mmoja hupiga kelele na kutetemesha mashine.

Jambo kubwa zaidi ni kutochanganya kazi. Pedi iliyokata kwa kompaundi isilale na pedi ya kumalizia, hata kama zote zimeoshwa. Chembe moja kubwa ikihama, utaiona kwenye gari jeusi jioni, chini ya taa, baada ya kuwa umemaliza. Mimi nina makontena matatu: kukata, polishi, nta. Nimeandika juu ya mfuniko kwa maka, na kwenye ukingo wa velkro ya kila pedi kuna herufi moja: K, P au N.

Usitegemee rangi ya sponji. Hakuna kanuni moja inayowafunga watengenezaji. Rangi ya chungwa kwa mmoja inaweza kuwa ya kukata, kwa mwingine ya polishi ya kati. Ukinunua kutoka kwa watengenezaji wawili na kupanga kwa rangi, umezichanganya tayari.

Kuna ubaya gani nikiiacha kwenye mashine?

Sahani ya mashine ndiyo yenye meno ya velkro, na mgongo wa pedi una nyuzi laini zinazonaswa na meno hayo. Zikikaa zimenasana wiki nzima, zimelowa, na mashine imelala juu yake, unapata hasara pande zote: mgongo haukauki, sponji inabonyea, na nyuzi zinachoka. Bandua kila unapomaliza, hata kama unaendelea kesho. Ukibandua, ingiza vidole taratibu kuanzia ukingoni ukizunguka. Usivute kwa kushika sponji.

Na buti la gari si stoo. Gari lililofungwa juani hapa kwetu linapata joto la kutosha kulainisha gundi. Kama unafuata wateja majumbani, kontena la pedi lipande nawe asubuhi na lishuke nawe jioni.

Panya wamezitafuna.

Panya wanapenda sponji kwa ajili ya kutandikia viota, na harufu ya nta inawavutia zaidi. Mfuko wa kitambaa ukining'inia kwenye msumari hauwazuii. Kontena gumu lenye mfuniko linawazuia. Pedi iliyopitiwa na mende ioshe upya kabla ya kuigusisha rangi.

Pedi za mikrofaiba na za manyoya nazo ni hivyohivyo?

Karibu. Mikrofaiba hukauka haraka kuliko sponji nene, lakini nyuzi zake hushikana. Zichambue kwa brashi laini zikiwa bado mbichi kidogo, na tena zikikauka. Manyoya ya kondoo yazungushe kwenye ndoo na kuyachana kabla hayajakauka, la sivyo yanajisokota mafundo. Manyoya halisi huliwa na nondo, kwa hiyo hayo kontena lake libane kwelikweli.

Ni lini niitupe?

Velkro ikianza kuachia ukingoni, hata sentimita moja. Sponji ikitoa unga, ikipasuka, au ukiibonyeza na isirudi. Pedi ikitetemeka kwenye mashine iliyo nzima. Usijaribu kugandisha mgongo kwa gundi ya viatu: gundi ile ni ngumu, haikai sawasawa, na pedi isiyo katikati yake inaruka. Sitaki mtu mwingine alipie mlango.

Pedi iliyostaafu bado inaweza kupaka dawa ya matairi kwa mkono. Ikate kipande cha ukingo kwa mkasi ili mtu yeyote atakayeishika ajue kwamba isirudi kwenye rangi. Na ile iliyopaka koting ya seramiki, yaani utando mgumu wa kulinda rangi, usiioshe wala kuihifadhi: koting inagandia ndani na kuwa kama kioo. Hiyo ni ya kutupa siku hiyohiyo.

Nimemaliza kazi saa 3 usiku, nimechoka, umeme umekatika. Naweza kuosha kesho?

Kompaundi haitakusubiri, ikikauka usiku mmoja itakuchukua mara tatu ya muda kuitoa. Fanya kidogo: zitie pedi kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kandamiza kila moja mara tano, zitoe, suuza haraka, zikamue kwa viganja na taulo, uzipange uso chini juu ya kreti ndani ya nyumba. Dakika kumi. Asubuhi uzioshe vizuri, uzizungushe kwenye ndoo, uanze kuhesabu saa upya. Usiziache zimelowekwa ndani ya ndoo hadi asubuhi, maana huko gundi inakunywa maji usiku kucha. Na kama hata dakika kumi huna, angalau zibandue kwenye mashine.